Hatukukifuata, Kilitujia: Vichekesho, Katuni na Kuhama Chaneli, Kama Ilivyoonekana Kilosa na Mikumi

Mwaka 2008 kundi la vichekesho la Ze Comedy liliondoka kituo binafsi cha EATV likahamia TBC1, chaneli ya taifa, na tangu hapo tukio hilo husimuliwa kwa kitenzi kimoja tu: watazamaji "waliwafuata". Joti, Masanja, Mpoki, Wakuvanga, MacRegan, Seki na Vengu walihama, na nchi nzima ikahama nao. Kauli hiyo imerudiwa sana kwenye kurasa za burudani na vipindi vya redio hadi imekuwa kama jambo lisilohitaji ushahidi. Nimekulia Kilosa, mkoani Morogoro, nikasoma Mikumi, na kitenzi hicho kimenikera kwa miaka mingi.

Kumfuata mtu kuna masharti yake. Lazima uwe unajua alipokuwa, umwone akiondoka, kisha unyanyuke uende alikokwenda. Kwa mkazi wa Sinza au Temeke mwaka 2008 masharti yote yalitimia, maana alikuwa na chaneli zote mbili na kazi yake ilikuwa kubonyeza rimoti. Kwetu wengi walikuwa hawajawahi kukiona kipindi hicho kikirushwa. Walikijua kwa masimulizi ya wanafunzi wa bweni waliorudi likizo, ya makondakta wa mabasi ya Dar, ya shangazi aliyekuja msibani akamwigiza Joti wakati wa kuosha vyombo hadi waombolezaji wakaficha nyuso kwenye khanga. Kipindi kilipohamia chaneli ya taifa, ndipo kilipotujia. Hakuna aliyenyanyuka kwenda popote. Makala haya yanahusu tofauti kati ya kufuata na kujiwa, na kwa nini historia ya vichekesho na katuni kwenye televisheni yetu haieleweki bila tofauti hiyo.

Chanzo ninachokitegemea hakijapata heshima yake. Ni ukurasa wa ratiba za televisheni kwenye magazeti ya miaka ya 2000. Wanaoandika historia ya utangazaji hutafuta sheria, hotuba za mawaziri na kumbukumbu za wakurugenzi. Ukurasa wa ratiba ulifungiwa karanga, ulibandikwa ukutani kuzuia vumbi la udongo, ulipangiwa ndani ya makabati ya vyombo. Nimekusanya kadhaa, nyingine zina mafuta ya maandazi. Zote zina sura moja: majina ya vituo yamepangwa juu kwa safu, TVT (baadaye TBC), ITV, Channel Ten, EATV, Star TV, na chini yake vipindi kwa saa. Safu zinalingana upana. Ukitazama utadhani Mtanzania yeyote anachagua baina ya vituo hivyo kama anavyochagua nyanya sokoni. Kwa hiyo nimejizoeza kuusoma ukurasa huo nikiwa na penseli. Nafuta safu moja baada ya nyingine, zile ambazo hazikushika kwetu. Nikiusoma kwa ajili ya mtu wa Ulaya, kata ya wilaya yetu na si bara lile, au wa Malolo, mara nyingi ukurasa mzima unabaki na safu moja iliyo hai. Kwa miaka fulani haibaki hata hiyo.

Mandhari yenyewe inaeleza kwa nini. Mji wa Kilosa umekaa miguuni mwa milima ya Usagara na Ukaguru, Mto Mkondoa ukipita ubavuni, na mbele yake tambarare ya Mkata. Mikumi iko kusini, karibu kilomita 80 kwa barabara, kwenye kona ambako barabara kuu iendayo Iringa na Zambia inatoka ndani ya Hifadhi ya Mikumi. Mawimbi ya televisheni husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Yakikutana na mlima, yanakatika. Ndiyo maana kila nyumba yenye televisheni ilikuwa na mti mrefu wa mwanzi nyuma ya choo, antena juu yake, na mtoto mmoja aliyepewa kazi ya kuuzungusha. "Zungusha! Hapo hapo! Ah, umepitiliza, rudisha!" Sauti hizo zilisikika kila jioni mtaani kwetu kabla ya taarifa ya habari ya saa 2 usiku. Kilichokuja bila chenga ndicho tulichokitazama, na hivyo kukipenda kulianzia kwenye kushika.

Historia ya awali inajulikana, nami sitaikalia. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara ilisubiri hadi 1994, vituo binafsi vilipoanza Dar es Salaam, ITV kikiwemo. Televisheni ya Taifa ikafuata mwaka 2000. Machi 2008 TVT na Redio Tanzania zikazinduliwa upya kama shirika moja kwa jina la TBC, likiongozwa na Tido Mhando, aliyekuwa mkuu wa Idhaa ya Kiswahili ya BBC. Miezi michache baada ya uzinduzi huo, wachekeshaji wakahama.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa.

Ze Comedy walikuwa wamefanya jambo ambalo televisheni yetu haikulizoea. Walichukua taarifa ya habari, kipindi chenye heshima kuliko vyote, wakaiigiza kwa lafudhi za watu halisi. Walichukua nyimbo zilizokuwa juu wakazibadilisha maneno. Hata jina lao lilikuwa mchezo wa masikio, maana hiyo "Ze" ndivyo ulimi wetu unavyolipokea neno la Kiingereza "the", ambalo wageni hulitamka wakiwa na ulimi kati ya meno. Walipohama, jina likawa mgogoro. Kituo cha zamani kilishikilia kwamba Ze Comedy ni kipindi chake, kundi likashikilia kwamba Ze Comedy ni wao wenyewe, na mwisho wake likatokea kwenye TBC1 kwa jina jipya, Ze Orijino Komedi. Nimewasikia wanasheria wakilijadili jambo hili kwa hamu kubwa, na hoja yao ya hakimiliki naiheshimu: ukilipia studio, kamera na muda wa hewani, una haki ya kuuliza jina ni la nani. Lakini tazama jina lenyewe walilochagua. "Orijino" ni neno la duka la vipuri. Linamwambia mnunuzi kwamba cha upande wa pili ni feki. Jina hilo lilikuwa na maana kwa mtu aliyewaona pande zote mbili. Mtazamaji wa Kilosa hakuwa na cha kulinganisha nacho. Kwetu Orijino Komedi ilikuwa tu Orijino Komedi, kitu kipya, na watoto wa shule waliliimba jina hilo bila kujua kwamba ndani yake kuna ugomvi.

Kuna tafsiri nyingine ya kuhama huku ambayo siivumilii. Inasema chaneli ya umma ilinyakua kipindi kilichokwisha kupikwa na sekta binafsi, badala ya kubuni cha kwake. Wanaosema hivyo wanaishi mahali ambapo vyote viwili vinashika. Kituo binafsi kinaweka mitambo penye matangazo ya biashara, na hakuna dhambi katika hilo. Ndivyo kinavyolipa mishahara. Chaneli ya taifa ina deni la aina nyingine. Inadaiwa na mlipa kodi wa Zombo sawasawa na wa Upanga, kwa hiyo kipindi bora kilichopo nchini kikiweza kuletwa kwenye mtambo wenye deni hilo, na kiletwe. Nakiri kwamba TBC1 yenyewe haikufika kila kijiji cha wilaya yetu. Vijiji vya milimani vilibaki gizani, na pale ilipofika, mara nyingi umeme haukuwepo. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza mtu wa Kimamba na mtu wa Kinondoni waliweza kukutana kituo cha basi asubuhi wakiwa wamecheka jambo moja usiku uleule. Ubora wa mzaha haukuongezeka hata kidogo kwa kuhama. Kilichobadilika ni nani aliyekuwemo chumbani ulipotolewa.

Na chumba chenyewe kilikuwa na watu wengi. Wakati ule nyumba yenye televisheni mtaani ilikuwa mali ya mtaa. Wenye nyumba walikaa kwenye makochi, majirani kwenye mkeka, watoto wa mbali dirishani. Kipindi cha usiku kilikuwa na sheria zake: wakubwa wameoga, mboga imekwisha kuteremshwa, mgeni hafukuzwi kabla hakijaisha. Mikumi hali ilikuwa tofauti kidogo kwa sababu ni mji wa barabara. Televisheni zilikuwa kwenye baa na nyumba za kulala wageni, zikitazamwa na madereva wa malori ya Zambia na Kongo waliopaki kwa usiku mmoja. Dereva aliyeanza safari Dar alikuwa mmoja wa wachache waliokuwa wamekiona kipindi kwenye chaneli ya zamani. Yeye kweli alikifuata, na huenda ndiye pekee aliyewahi kukifuata kwa gari.

Naomba msomaji anivumilie nirudi nyuma, hadi 1993, kwa sababu huko ndiko kuna ushahidi mzito kuliko wowote wa hoja yangu, na sijaona mwandishi wa televisheni akiutumia. Julai mwaka huo Redio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa redio ulioitwa Twende na Wakati, mara 2 kwa wiki, kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Mchezo ulirushwa karibu nchi nzima isipokuwa eneo la mtambo wa Dodoma, ambako kwa saa zile zile kulirushwa vipindi vingine vya pale pale. Mpango huo ulikuwa wa makusudi. Watafiti, akiwemo Mmarekani Everett Rogers na Mtanzania Ramadhani Swalehe, walitaka kulinganisha waliosikia na wasiosikia. Dodoma ilisubiri hadi 1995 ndipo mchezo ukaanza kusikika huko. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba mahali mchezo uliposikika, watu wengi zaidi walizungumza na wenzi wao kuhusu uzazi wa mpango na wengi zaidi wakaanza kuutumia, na Dodoma mabadiliko ya namna hiyo yalionekana baada ya wao pia kuanza kuusikia.

Sayansi ya utafiti ule ni safi na imesifiwa duniani. Mimi huwaza watu. Wilaya yetu inapakana na Mpwapwa, mkoani Dodoma. Ndugu walioolewa upande ule waliishi miaka 2 bila mazungumzo ambayo dada zao upande huu walikuwa nayo kila wiki, na hakuna aliyewaambia. Kama waliwahi kujua, walijua kwa kutembeleana. Mhusika mkuu wa mchezo ule aliitwa Mkwaju, dereva wa lori mwenye wapenzi kwenye vituo vya njiani na mkewe Tunu nyumbani, hadi anapata maambukizi. Watafiti waliandika kwamba jina lake likageuka neno la kawaida: mwanamume mwenye tabia ile aliitwa Mkwaju. Fikiria jina hilo likisikika Mikumi, mji ambao maisha yake ya usiku yaliendeshwa na malori. Mtu wa Mikumi hakuhitaji maelezo ya mahali Mkwaju alipolala. Huo ndio uzito wa kujiwa na kipindi. Kinaingia mahali, kinakuta watu wanaokijua kabla ya kukisikia, na kinawapa neno. Mahali ambapo mtambo umepangiwa kitu kingine, neno hilo halizaliwi.

Sasa katuni. Hapa nako kuna kauli inayobishaniwa: kwamba katuni ya televisheni ya Kitanzania ilianza mwaka 2014 na Ubongo Kids. Wanaoikubali wana haki kwa kiasi kikubwa. Wanaoipinga hutaja mambo kadhaa. Hutaja Kilimani Sesame, mradi uliowaletea watoto wa Tanzania vikaragosi vya Sesame kwa Kiswahili, vikiwafundisha kuhusu malaria na kutowatenga wenye VVU; ni kazi nzuri, lakini kikaragosi cha mkononi si mchoro unaotembea. Kwa sababu hiyo hiyo siuingizi The XYZ Show wa Nairobi, ulioanza Citizen TV Mei 2009 na baadaye kuhamia vituo vingine, ingawa mwasisi wake, mchoraji Gado, ni mzaliwa wa Dar es Salaam na ningependa sana kumdai. Hutaja pia Tinga Tinga Tales ya mwaka 2010, na hapo nasikia uchungu. Michoro ile imejengwa juu ya mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, Mtanzania wa Tunduru aliyechora kwenye vibao Dar es Salaam hadi alipofariki mwaka 1972. Katuni ikatengenezwa Nairobi kwa ushirikiano na kampuni ya Uingereza, kwa Kiingereza, na watoto wa Uingereza wakawa miongoni mwa wa kwanza kumwona twiga na kobe wetu wakizungumza. Mtoto wa Mikumi, anayemwona twiga halisi akivuka barabara kuu, hakuwemo katika hesabu. Kwa kipimo changu basi, cha nani alijiwa, kauli ya 2014 inasimama.

Ubongo ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 2013 na Nisha Ligon pamoja na vijana wa Kitanzania, akiwemo Rajab Semtunga. Januari 2014 Ubongo Kids ikaanza kuonekana TBC1, asubuhi za wikendi. Kibena, Kiduchu, Koba na wenzao wa kijiji cha Kokotoa walitatua matatizo ya hesabu na sayansi kwa nyimbo, na mtoto nyumbani aliweza kujibu swali kwa ujumbe wa simu ya kawaida, simu ya tochi ya baba. Mwaka 2016 ikaja Akili and Me kwa ajili ya wadogo zaidi: msichana wa miaka 4 anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, ambaye akilala huingia nchi ya ndoto na kukutana na wanyama wanaofundisha herufi na namba. Baadaye vipindi hivyo vilivuka mpaka vikapata chaneli na saa mpya Kenya, Rwanda na kwingineko. Kila kuvuka kulishangiliwa kama ushindi wa Ubongo, nami nashangilia pia.

Ila saa. Nichukue penseli tena, safari hii nisifute safu bali mistari. Jumamosi asubuhi, mtoto wa Kiislamu wa Kilosa yuko madrasa. Jumapili asubuhi, mtoto wa Kikristo wa Berega yuko kanisani. Mvua zikianza, wote wawili wako shambani siku zote mbili, kupanda au kufukuza ndege na nyani kwenye mpunga, kwa sababu wikendi ndizo siku ambazo shule imewaachia. Aliyebaki nyumbani yuko kwenye foleni ya maji. Kibanda cha video, kile tunachokiita kibanda umiza, asubuhi hakijawasha jenereta. Mwenye kibanda anasubiri mpira wa Uingereza wa jioni ndio unaolipa mafuta. Asubuhi ya wikendi ni saa ya mtoto wa mjini ambaye hana shamba na ambaye mama yake angependa akae ndani. Sisemi ilichaguliwa kwa ubaya. Ni desturi ya katuni duniani kote. Lakini desturi hiyo ilibuniwa Marekani, kwenye nyumba ambazo Jumamosi mtoto anaamka hana kazi, na sisi tuliipokea bila kuipima kwa kalenda yetu ya kilimo.

Kuhusu mkoa wetu upo ushahidi ambao wenyeji wenyewe hawajui kwamba upo. Mtafiti Dina Borzekowski wa Chuo Kikuu cha Maryland aliwachunguza watoto 568 wa elimu ya awali mkoani Morogoro. Kwa wiki 4 kundi moja lilitazama Akili and Me, jingine vipindi vingine. Matokeo yaliyochapishwa 2018 yanasema jambo la busara kuliko "televisheni inafundisha". Waliofaidika zaidi, katika kuchora, kutambua maumbo, kutambua namba na kuhesabu, ni wale walioweza kuwatambua wahusika. Yaani mtoto aliyemjua Akili kwa jina alijifunza zaidi kuliko aliyemwona tu. Mwalimu yeyote wa chekechea angeweza kukwambia hivyo, lakini ni vizuri kwamba limepimwa. Na ukiliweka kando ya suala la saa, linauma. Mtoto hawezi kumjua mhusika ambaye anamwona wiki moja na kumkosa 3 kwa sababu ya palizi. Kila kipindi kinapohamishwa saa bila taarifa, ule urafiki unaanza upya, na kwa mujibu wa Morogoro yenyewe, urafiki ndio unaofundisha.

Watafiti wengine, hawa wa Uingereza, Joe Watson na wenzake, walitumia takwimu za Uwezo, zile za kupima watoto nyumba kwa nyumba, wakaona uhusiano kati ya kuifikia Ubongo Kids na uwezo wa hesabu. Wapo wanaowajibu kwamba nyumba yenye televisheni tayari ni nyumba yenye mambo mengine, vitabu, wazazi waliosoma, chakula cha mchana. Pingamizi hilo nalichukulia kwa uzito na watafiti wenyewe walijitahidi kulishughulikia. Linathibitisha pia ninalolisema: swali la kwanza siku zote ni nani alifikiwa.

Katikati ya miaka hii kulitokea mageuzi yaliyobadilisha maana ya neno chaneli. Desemba 31, 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na mikoa mingine ikafuata kwa awamu. Antena za mwanzi zikawa kuni. Likaja neno zuri, king'amuzi, kutoka kung'amua, kutambua lililofichika. Likaja pia neno kifurushi, na hapo kwa mara ya kwanza kutazama kukawa na tarehe ya kuisha. Waliokuwa nje ya minara ya kidijitali walinunua madishi, kwanza yale makubwa kama sufuria za harusi, kisha madogo ya Azam kuanzia mwisho wa 2013. Kwa Kilosa na Mikumi dishi lilikuwa ukombozi wa kweli, maana setilaiti haijali milima. Nyumba iliyokuwa na safu moja ya ratiba ikawa nazo zote.

Kisha Agosti 2018 Mamlaka ya Mawasiliano ikasimamia masharti ya leseni: ving'amuzi vya setilaiti vya DStv, Azam na Zuku havikuruhusiwa kubeba chaneli za bure za ndani, na chaneli kama ITV na EATV zikatoweka humo. Wananchi wakaelekezwa kwenye ving'amuzi vya minara ya ardhini. Hoja ya kisheria ilikuwepo, kwamba chaneli ya bure isiuzwe ndani ya kifurushi. Naielewa na bado naiona haikumfikiria mtu wa bondeni. Mnara wa ardhini ni mawimbi yale yale yanayokatwa na mlima ule ule. Kwa nyumba nyingi za upande wetu hakuna kipindi kilichohama siku ile; chaneli nzima zilihama, na hazikuacha mahali pa kufuatwa. Nilichukua ukurasa wa ratiba wa mwezi ule na penseli yangu, nikajikuta nafuta safu zile zile nilizokuwa nafuta kwenye kurasa za 2008.

Miaka iliyofuata nitaipita haraka, kwa kuwa bado iko karibu mno. Machi 17, 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona hadi Juni 29, na kwa muda ule wote katuni za elimu zilikuwa darasa pekee kwa watoto wengi. Umeme wa vijijini uliendelea kupanda milima. Orijino Komedi walikuwa wamekwisha kutawanyika, kila mmoja na njia yake, kwenye matangazo, majukwaa ya vichekesho na mahubiri. Simu zikawa kubwa, bando likashuka, na kadi ya kumbukumbu ikachukua nafasi ambayo zamani ilikuwa ya mwanzi.

Mwezi uliopita nilikuwa Mikumi, nyumbani kwa binamu yangu. Mwanawe wa miaka 5 alikuwa amelala kifudifudi kwenye mkeka, simu ya mama imeegemezwa kwenye kopo la unga, Akili akihesabu maembe. Katuni zilikuwa zimerushwa kwenye kadi na kijana wa duka la simu pale stendi, kumi kwa mpigo. Nikamuuliza mtoto kipindi hiki kinaonyeshwa chaneli gani. Akanitazama, akamtazama mama yake, akasema, "Cha mama, Mjomba." Nikamuuliza huonyeshwa saa ngapi. Hilo alilijua vizuri na alijibu bila kuinua kichwa: mama akishamaliza kuosha vyombo.